Samaki Aliyemla Mamba

Musonda tulimzika Jumanne, mvua ikiwa imekatika asubuhi ile. Yeye alikuwa wa ukoo wa Mamba, mimi ni wa ukoo wa Samaki, na kwetu, kwa kuwa mamba hula samaki, watu wa koo hizi mbili ni watani tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Mtani anaweza kuingia nyumbani kwako akakuita mwizi mbele ya wakwe zako, akachukua kofia yako kichwani na kuondoka nayo, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika aibu ni yako, na faini yake ni kuku. Mtani ndiye pia anayekuosha ukifa, kwa sababu watu wa damu yako wanalia na mikono yao haina nguvu. Kwa hiyo ni mimi niliyemwosha Musonda, uso, kifua, mkono wa kushoto, na mkono wa kulia wenye vidole vitatu. Jeneza lilipoletwa mlangoni nililizuia kama inavyotakiwa, nikasema halitoki mpaka marehemu anilipe matusi yote aliyonitukana, watoto wake wakanipa koti lake kuukuu, nikapisha. Halafu mjane wake, Josefina, akanishika mkono mbele ya watu. "Shemeji, baelezee ile ya samaki. Bajukuu banaijua, lakini basikie mu kinywa yako." Kazi ya mtani kwenye kilio ni kuwachekesha wanaolia. Nikawaambia kwamba tangu Mungu aumbe maji mamba hula samaki, na kwamba mara moja tu, katikati ya bahari, samaki alimla mamba, akaanza na vidole viwili, akaona nyama ni chungu akamwacha. Walicheka. Josefina alicheka huku machozi yakimtiririka, akajifuta kwa ncha ya kitenge.

Hadithi ile ilikuwa ya Musonda mwenyewe. Aliisimulia zaidi ya miaka arobaini, kwenye ndoa, kwenye ubatizo, kwenye kila kilio nilichokaa naye. Ndani yake mna bahari, mna samaki, mna vidole. Mtu aliyeshika usukani hayumo. Aliyeshika usukani nilikuwa mimi, na sasa aliyekuwa akiisimulia bila mimi amekufa, naona si haki niendelee kuisimulia vile vile. Nilisoma madarasa matano tu kwa mapadri, sijui kupamba maneno. Nitaandika yalivyokuwa.

Mwaka ule mji wetu bado uliitwa Élisabethville, na uhuru ulikuwa neno ambalo watu wazima hawakulisema mbele yetu. Tulifanya kazi, Musonda na mimi, katika karakana ya mbao kwenye barabara ya Kipushi, tukitengeneza milango na madirisha ya nyumba za kampuni. Nyuma ya karakana palikuwa na ua uliozungushiwa mabati, na ndani ya ua ule Mbelgiji mmoja mchoraji wa ramani, ambaye muda wake wa kazi ulikuwa unakwisha, alikuwa anajenga mashua ya tanga. Sisi tulimwita Bwana Mbao. Alitaka kurudi kwao kwa upepo badala ya meli, na mke wake alikwisha kumwambia kwamba yeye atapanda ndege na wataonana wakijaliwa. Jumapili baada ya misa watu walitoka mji wa weusi kwa miguu kuja kuchungulia kwenye matundu ya mabati. Niliwasikia wakibishana. "Iko inaenda wapi, ile mashua? Mu muto Lubumbashi hata bata inagonga tumbo chini." "Muzungu amesikia gharika inakuja, na anatuficha." "Bon, basi miye ninaoa binti yake leo leo." Sisi tuliokuwa ndani hatukucheka, kwa sababu mashua ilikuwa nzuri. Mbavu zake zilikuwa za mulombwa, mti mwekundu ambao ukiupasua harufu yake inakaa kwenye nguo wiki nzima, na misumari yote ilikuwa ya shaba ya nchi yetu, maana chuma huliwa na chumvi. Bwana Mbao alichora, Musonda alikata, mimi nilishika upande wa pili wa ubao. Huo ndio ukweli wa ufundi wetu mwaka ule: yeye alikuwa fundi, mimi nilikuwa mshika ubao.

Mkono wa Musonda ulikuwa mali yake yote. Alilala jikoni kwa mjomba wake, kwenye mkeka kati ya makaa na gunia la unga, na baba yake Josefina alikuwa amesema waziwazi kwamba binti yake haolewi na mtu wa jikoni. Lakini msimamizi wa karakana alikuwa amemwahidi nafasi ya fundi wa kwanza, ambayo ingekuwa wazi mwisho wa mwaka, na nafasi ile ilikuja na nyumba ya matofali katika kambi ya wafanyakazi, vyumba viwili na bomba la maji mbele. Bwana Mbao alipoomba watu wawili wa kwenda naye hadi mwisho wa safari, msimamizi alikubali kwa sharti kwamba warudi kabla ya nafasi kufunguka. Musonda alikwenda kuaga kwa Josefina nami nikiwa nyuma yake. Tulikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo barazani, baba mtu akitutazama kama anayekagua mbao. "Unaenda ku bahari kufanya nini?" akauliza. "Kuona, tata." "Ukishaona, urudi na mikono yako miwili. Nyumba ile inaombwa na mikono, haiombwi na macho." Nayaandika maneno haya kwa sababu aliyasema kweli, siku ile, kabla hatujaona hata tone la maji ya chumvi, na Musonda alicheka akamwonyesha mikono yote miwili, mbele na nyuma.

Mashua ilipandishwa kwenye behewa lisilo na kuta, tukaifunga kwa kamba, tukasafiri nayo kwenda Lobito, kwa Wareno, tukilala chini ya tumbo lake na kupika kwenye kopo kila treni iliposimama kunywa maji. Bahari niliiona asubuhi. Sitasema niliyoyafikiri, kwa kuwa sikufikiri kitu; nilishika koti la Musonda, naye akaniuliza kama nimewaona ndugu zangu. Huo ukawa mwanzo wa utani wa safari nzima. Maji yale yote yalikuwa nyumba ya ukoo wangu, alisema, na yeye Mamba anapita kama mgeni wa heshima, kwa hiyo nimtandikie kitanda. Kitanda chenyewe tulikuwa nacho kimoja. Ndani ya mashua palikuwa na chumba kidogo cha kuinama, kitanda cha Bwana upande mmoja, chetu upande mwingine, na jiko la mafuta ya taa katikati. Tuliongoza mashua kwa zamu za saa tatu tatu, kwa hiyo mmoja wetu siku zote alikuwa nje, na aliyelala alikikuta kitanda kina joto la mwenzake. Siku nne za kwanza tulitapika. Siku ya tano nilipika bukari nikiwa nimebana sufuria kwa magoti, mgongo ukutani, na tuliila wote watatu kutoka kwenye sufuria moja kwa kuwa sahani zilikuwa zinaruka. Katika mji wetu nilikuwa sijawahi kupita mlango wa mbele wa nyumba ya mzungu. Pale Bwana Mbao alimega bukari kwa vidole, akaichovya kwenye maharage yangu, akasema kwa Kiswahili chake, "Chumvi mingi." Musonda akamjibu, "Iko bahari, patron, si miye," na mzungu akacheka mpaka akapaliwa.

Tulikuwa tunaelekea kisiwa cha Waingereza kilicho peke yake katikati ya maji, siku kumi na mbili au kumi na tatu kwa upepo mzuri, kisha kutoka pale tupande kwenda kaskazini hadi Ulaya. Upepo ulitoka nyuma yetu upande wa kushoto, usiku na mchana, haukubadilika. Nyuma ya mashua tulikokota kamba ya kuvulia, kamba ya pamba iliyosokotwa, nene kama ya kuanikia nguo, yenye waya mwishoni na ndoana kubwa. Chambo chake Musonda alikitengeneza kwa kijiko cha supu na vipande vya kitambaa chekundu. Bwana Mbao ndiye aliyefunga kamba ile kwenye kigingi cha mashua, na kati ya kamba na kigingi akaweka kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la gari, ili samaki akivuta mpira unyooke badala ya kamba kukatika. Akatuita wote wawili. "Kamba hapana funga ku mukono. Munasikia? Hapana. Samaki ya bahari iko na nguvu kama gari." Kisha akachomeka kisu kwenye ala ya mbao aliyoipigilia kando ya usukani, na akasema kisu kile ni cha anayeongoza mashua, si cha mwingine. Kamba ikimshika mtu, anayeongoza anakata. Haulizwi mtu, kunakatwa.

Siku ya sita, zamu ikiwa yangu, mpira ulinyooka. Musonda aliruka kutoka chumbani akaanza kuvuta, na samaki, ambaye hatukumwona, alipita chini yetu na kamba ikakwama kwenye ubao wa usukani. Usukani ukawa mzito mikononi mwangu. Niliogopa utavunjika, nikachomoa kisu, nikakata. Samaki akaondoka na kijiko chetu. Bwana Mbao alisema nilifanya vizuri. Musonda hakusema nilifanya vizuri. Kwa siku tatu sikupumzika. Nikimpa chakula aliuliza kama nimewabakishia ndugu zangu. Nikikaa kimya alimwambia Bwana kwamba naomboleza kijiko, kwamba nimekitoa mahari kwa binti wa baharini. "Mbele ya macho yangu, patron, muntu ya Samaki amefungula ndugu yake! Amemupatia na kijiko ya kukulia supu!" Nilicheka, kwa sababu mtani lazima acheke. Lakini mashua ina urefu wa hatua tisa, na mtu hawezi kwenda kwingine. Nyumbani utani una mwisho. Unachukua kofia yako unakwenda zako. Kule nilimaliza zamu nikaenda kulala kwenye joto lake. Kufikia siku ya tisa nilikuwa nacheka kwa meno tu, na naandika hivi ili ijulikane nilivyokuwa kabla ya lile lililotokea, maana baada yake kila mtu hujitengenezea moyo mwingine.

Siku ya tisa, asubuhi, jua limepanda mkono mmoja juu ya maji. Bwana Mbao alikuwa amelala baada ya zamu yake. Mimi nilikuwa kwenye usukani, Musonda alikuwa anachambua mchele wenye wadudu, na mpira ukanyooka ghafla mpaka ukawa mwembamba kama kidole. Safari hii samaki alikwenda moja kwa moja nyuma, mbali, na hakupita chini yetu. Musonda alivuta kidogo kidogo, akiegemeza magoti kwenye ukingo, akimwachia alipokimbia na kumvuta alipochoka, na lazima niseme alivua vizuri, kwa sababu alikuwa amekulia kando ya Luapula. Sijui ilichukua muda gani. Samaki alisogea mpaka tukamwona ubavuni, mgongo wa buluu iliyoiva karibu na weusi, tumbo la fedha, urefu wake tangu miguu yangu hadi kifuani. Baadaye niliambiwa wazungu humwita thon, na watu wa pwani ya Mashariki humwita jodari. Sisi hatukuwa na jina. Musonda alisema tu, "Eh, mama yangu." Na hapo, kwa sababu samaki alikuwa karibu na amechoka, alifanya kama wanavyofanya Luapula: alizungusha kamba mara mbili kwenye kiganja cha mkono wa kulia, ili asikie kichwa cha samaki kinavyogeuka. Kule mtoni ndivyo unavyojua kama samaki anataka kukimbia. Kamba ikiwa mkononi inakuambia kabla. Nilimwona akizungusha. Sikusema kitu.

Samaki alizama. Hakukimbia nyuma, alishuka wima, na kamba ikafunga mkono wa Musonda na kuubana kwenye ukingo wa mulombwa tulioupiga randa sisi wenyewe. Akaita, "Kata!" Nikacheka. Nikamwambia, "Leo unataka nimufungule ndugu yangu?" Mkono wangu ulikuwa hatua moja kutoka kwenye kisu, hata hatua haikuwepo, ningeweza kukigusa bila kuachia usukani. Akaita mara ya pili, "Kata!"

Kwa miaka mingi, watu wachache walioniuliza niliwaambia kwamba nilidhani ni utani. Yeyote wa nchi yetu anaelewa jibu hilo, kwa sababu mtani anaweza kulia uongo, anaweza kuanguka chini akajifanya amekufa, na anayekimbilia kumwokoa ndiye anayechekwa. Ile ya kwanza nilidhani ni utani, huo ni ukweli. Ile ya pili sikudhani. Sauti ilikuwa nyingine, haikuwa na mtu ndani yake. Nilijua, na nikangoja. Nilitaka aniombe tena. Nilitaka, baada ya siku tatu za kijiko na mahari na binti wa baharini, anihitaji kwa muda kidogo zaidi. Haikuwa chuki, mtu akiniuliza siku ile kama nampenda Musonda ningesema ndiyo na ingekuwa kweli. Muda wenyewe ulikuwa kama wa kuvuta pumzi moja na kuitoa. Kisha mkono wangu ukaenda kwenye kisu, na kabla sijakichomoa, kamba ililegea yenyewe. Samaki alikuwa amegeuka anapanda juu. Alikuwa amechoka kuliko sisi. Bwana Mbao, aliyeamshwa na sauti, akatoka na kulabu yake ya mpini mrefu, akaona samaki yuko juu ya maji, akamchoma nyuma ya kichwa, akapiga kelele "Tire! Tire!", yaani vuta, nami nikaachia usukani, tukamvuta wote wawili mpaka akaangukia kwenye mchele uliokuwa unachambuliwa. Alipigapiga mkia, damu yake ikatapakaa miguuni mwetu, nyekundu na ya moto. Hapo ndipo Bwana Mbao alipouliza, "Na hii?" kwa sababu damu nyingine ilikuwa inatoka upande wa pili, na Musonda alikuwa ameketi chini ameshika mkono wake kwa mkono wa pili.

Vidole viwili vya mwisho, kidogo na kile cha jirani yake, vilikuwa vimekatwa nyama hadi mfupa na kupinda mahali pasipo na kiungo. Bwana Mbao alimwagia dawa kali ya jeraha, akavifunga kwa vijiti nilivyochonga kutoka kwenye kasha la chai. Alipomaliza alinigeukia, na hakupaza sauti. "Kisu iko pale. Juu ya nini haukukata?" Nilifungua mdomo. Sijui ningesema nini, na sitajisingizia kwamba ningesema kweli. Musonda akajibu kabla yangu, macho yake kwenye bandeji. "Leka, patron. Njo miye nilimukataza. Nilisema asikate, tule nyama." Bwana Mbao alitutazama mmoja mmoja, akapanda kwenda kushika usukani, maana mashua ilikuwa imegeukia pengine.

Tulimla samaki siku nne. Nilimkata vipande kama mbao, vingine nikavitia chumvi, vingine nikavikaanga, na nyama yake ilikuwa nyekundu kama ya ng'ombe. Jioni ile Musonda alikula kwa mkono wa kushoto, ambao kwetu haushiki chakula, nami nikammegea bukari bila yeye kuniomba. Alitafuna polepole. Halafu akasema, kwa sauti ile ya siku zote, "Tangu Mungu aumbe mayi, mamba njo anakula samaki. Leo samaki amekula mamba." Akanitazama. Akangoja. Nikacheka, nifanyeje? Bwana Mbao alipoeleweshwa alicheka pia. Hivyo ndivyo hadithi ilivyozaliwa, ikiwa imekamilika, siku ile ile, na kila mara aliyoisimulia baadaye maneno yalikuwa yale yale.

Kisiwani daktari Mwingereza aliviondoa vidole, kwa kuwa vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi. Bwana Mbao alikaa nasi mpaka homa ikaisha, akatukatia tiketi za meli ya kwenda Afrika Kusini na treni ya kupanda hadi kwetu, akatupa barua mbili za kutusifu. Yeye aliendelea na Mwingereza mmoja kijana aliyetaka kurudi kwao. Alifika, tulipata kadi yenye picha ya bandari. Sisi tulipanda treni siku nyingi, kupitia nchi ambazo hatukuruhusiwa kushuka stesheni bila kuonyesha barua, na Musonda aliionyesha yake kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa mfukoni. Tulipovuka mpaka pale Sakania na kusikia Kiswahili chetu dirishani, wanawake wakiuza karanga na mahindi ya kuchoma, aliutoa mkono, akanunua karanga, zikamponyoka katikati ya vidole zikaanguka. Muuzaji akasema, "Papa, shika muzuri." Alisema atajifunza.

Watu wasio mafundi hudhani nguvu ya mkono iko kwenye kidole gumba. Muulize yeyote anayeshika nyundo au msumeno: nguvu ya kushika iko kwenye vidole viwili vya mwisho, vitatu vya mbele vinaelekeza tu. Msimamizi wa karakana alikuwa mtu wa haki, alimpa Musonda jaribio kama alivyoahidi. Ubao wa mulombwa, randa, na kufanya kiungo cha pembe. Tulisimama kuta zote nne tukitazama. Randa iligeuka mkononi mwake mara tatu. Mara ya nne aliiweka chini mwenyewe, akapangusa ubao kwa kiganja kana kwamba ameumaliza, akasema asante. Baada ya juma msimamizi aliniita mimi. Alisema mbao za mashua nilizishika pia, na kwamba hana mwingine. Nafasi ya fundi wa kwanza niliipata mimi, na nyumba ya matofali yenye vyumba viwili na bomba mbele niliingia mimi, mtu asiye na mchumba. Ningeweza kukataa. Nilitafuta sababu ya kukataa ambayo ningeweza kuisema kwa sauti, na ile moja iliyokuwapo sikuweza kuisema, basi nikachukua ufunguo.

Baba yake Josefina alimwita binti yake mbele yetu akamwambia aangalie mkono ule vizuri kabla hajajibu. Josefina hakuuangalia. "Tata, miye ninaolewa na muntu, siolewi na bidole." Walioana bila nyumba, wakapanga chumba kimoja katika Kenya, mtaa wa mji wetu, kwenye ua wa watu saba, na Musonda akarudi karakanani kufagia takataka za mbao. Kisha fundi wa kupaka vanishi alihamishwa Kambove, na Musonda akaomba ajaribu. Vanishi haitaki nguvu. Inataka kitambaa kilichoviringwa, vidole vitatu na uvumilivu. Ndani ya miezi miwili alikuwa anang'arisha makabati hadi ukijitazama unajiona ndevu. Mimi nilitengeneza, yeye alipaka, na wazungu walipokuja kuchukua fenicha zao walisifu alichokifanya yeye, kwa sababu ndicho kinachoonekana. "Muntu ya Samaki anajenga kisanduku," aliwaambia wanafunzi wa kazi, "Mamba anaifanya kuwa armoire, kabati ya bazungu." Tulicheka wote. Niliona kwamba anaweza kuishi hivyo siku zote, na mimi pia naweza, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Mwisho wa mwaka uliofuata, siku moja adhuhuri, wengine walikuwa wametoka kula. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Musonda alikuwa amebaki kumalizia mlango wa kabati kwa kuwa vanishi ikikauka nusu inaacha alama, na mimi nilibaki kwa kuwa yeye alibaki. Nilisimama nyuma yake. Nilimwita kwa jina lake, sikumwita Mamba. Nikamwambia, "Siku ile ku bahari, haikuwa utani. Uliita mara ya pili, nikasikia. Nilijua. Nikangoja." Kitambaa hakikusimama, kiliendelea kuzunguka, duara ndogo ndogo, mpaka kikafika pembe ya mlango. Alikiinua hapo, ambapo hakiachi alama. Akageuka.

"Niliita mara tatu," akasema.

Hakucheka. Nilimtazama usoni nikitafuta mahali utani unapoanzia, kwenye kona ya mdomo, pale kulia, na hapakuwa na kitu. Nilitaka kumwuliza ile nyingine ilikuwa lini, kabla ya zile mbili au katikati yake, au wakati mkono wangu ulipokuwa tayari kwenye kisu. Lakini mtani haulizwi kama anasema kweli. Ukimwuliza umetoka kwenye utani, na sijui mngerudi ndani kwa mlango gani. Kisha akachovya kitambaa kwenye kopo, akarudi kwenye mlango, na akasema bila kunigeukia kwamba kwa kosa kama hilo koo zetu zinatoza kuku, jike, anayetaga. Nilimpelekea siku iliyofuata. Josefina alimpokea kuku akauliza ni wa nini, na Musonda akamwambia, "Muntu ya Samaki amepoteza kesi." Hakumwambia kesi gani. Hatukulizungumza tena, yeye na mimi, hata siku moja, hata mwaka jana alipokuwa anaumwa na nilikuwa nakaa naye mchana kutwa.

Nimeipitia asubuhi ile mara nyingi kuliko sala. Mpira unanyooka, mgongo wa buluu, kamba mara mbili kiganjani. Nasikia ile ya kwanza, najisikia nikicheka. Nasikia ya pili. Ya tatu siisikii. Sijui kama aliiongeza, ili nami niwe na kitu cha kubeba, au kama aliita kweli na mimi, niliyekuwa hatua moja kutoka kwake, sikusikia.